Vikombe vya Maabara na Kuku wa Mama Kulwa

Jina langu ni Mabula. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa fundi sanifu wa maabara katika chuo kikuu kimoja hapa Shinyanga, upande wa wanafunzi wa madini. Naandika haya sasa kwa sababu mkono wangu wa kulia umekubali tena kushika kalamu, na kwa sababu mke wangu kanisukuma. Aliniambia, "Baba Kulwa, wewe ulitibiwa malaria na mengine miezi mitano, na hukuwa na hata moja. Yupo mwingine huko leo anatibiwa hivyo hivyo." Basi namwandikia huyo mwingine, na mke wake au mume wake aliyekaa pembeni akimwangalia anavyokonda.

Ilianza na tumbo. Ilikuwa Februari, watu wako kwenye palizi, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye meza ya mizani pale maabara. Maumivu yalikuja kama mtu ameingia ndani yangu anakamua nguo. Nilishika meza mpaka yakapita. Kesho yake yakarudi. Choo kikakataa, siku nne, siku tano. Mdomoni nikawa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba msumari, na hata chai ya maziwa ya mke wangu, ambayo kwa miaka yote nimeisifu mbele za watu, ikawa na msumari ndani yake. Nilimficha. Nilikuwa nainywa mpaka mwisho, kisha naenda nyuma ya nyumba kuitapika.

Zahanati walisema malaria, nikameza dawa. Kituo cha afya wakasema taifodi, nikameza. Kisha vidonda vya tumbo, nikaacha pilipili, maharage na kahawa. Mwezi wa nne nilikaribia kupasuliwa kidole tumbo. Nilikuwa nimeshavuliwa nguo na kuvalishwa lile shuka la kijani, daktari wa zamu akanibonyeza mara ya mwisho, akakunja uso, akasema, "Hapana, huyu tumsubirishe kwanza." Nilikaa kwenye benchi na shuka langu saa nne nzima. Nimekaa kwenye mabenchi mengi mwaka ule. Benchi la mbao lenye mwanya katikati linalobana nguo, benchi la saruji linalotoa baridi hadi mgongoni, viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja hivi kwamba mmoja akikohoa mnatikisika wote. Mke wangu alikuwa na namna yake ya kukaa kwenye mabenchi: alikuja na kitambaa anachofuma, akafuma, asizungumze sana. Mwisho wa mwaka tulikuwa na vitambaa vya kutosha kufunika kila kiti cha ukoo wetu.

Mkanda wangu niliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Lakini kitu ambacho hakuna aliyekipima ni hasira.

Mimi si mkali. Muulize yeyote. Tuna mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka tisa, na tuna Shija aliyewafuata, ana miaka mitatu, wote wasichana. Wasichana hao wamenizoea hata wananipanda mabegani nikiwa nakula. Jioni moja ya mvua Doto alikuwa anafanya hesabu mezani huku anacheka na dada yake. Kile kicheko kikaniingia kichwani kama msumeno. Nikalinyakua daftari lake, nikalitupa nje matopeni. Mke wangu akajitupia khanga kichwani, akatoka kwenye mvua, akaliokota, akalifuta, kisha akawasha pasi ya mkaa na kulikausha, ukurasa mmoja mmoja, mpaka hesabu za Doto zikasomeka tena. Watoto walipolala alikuja kukaa karibu yangu.

"Mume wangu niliyeolewa naye yumo humo ndani," alisema. "Ukimwona, mwambie namsubiri."

Jina lake hasa ni Milembe, na kwa Kisukuma maana yake ni amani. Siku ile nilijua kwa nini wazee walimpa.

Mama yangu anaishi kijijini Songwa. Kila nilipompigia simu aliniita bhabha, yaani baba, kwa Kisukuma, na alikuwa na jibu moja. "Bhabha, wamekuroga. Cheo chako hicho cha chuoni kinawauma watu." Nilimweleza mara nyingi kwamba fundi sanifu hana cheo cha kumuuma mtu, lakini kwa mama kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Alinitumia mizizi kwa mtu aliyekuwa anapita. Niliichemsha na kuinywa, maana ilifungwa kwenye kipande cha khanga yake ya zamani ninayoifahamu tangu utotoni, na mtu mgonjwa hakatai kitu kama hicho. Haikunidhuru. Haikuniponya pia.

Mwezi wa sita mkono ukaanguka. Nilimnyooshea mkuu wa idara kumsalimia, kiganja kikaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Hakikuwa na maumivu yoyote. Niliamuru kinyanyuke, hakikunyanyuka. Nyumbani Shija aliuona kuwa mchezo. Alikuwa anakaa mapajani mwangu, anakiinua kiganja changu kwa mikono yake miwili, anakiachia, kinaanguka, anacheka. Anakiinua tena. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko nilivyowahi kuwa nayo maishani, lakini mtoto yule alicheka kwa dhati hata nami nikacheka, na nilipocheka mke wangu akaacha kupepeta mchele.

"Hebu fungua mdomo tena."

"Kuna nini?"

"Fungua tu, Baba Kulwa." Akanisogeza kwenye mwanga wa mlango. "Umekula wino? Ufizi wako una mstari. Wa bluu, kama uliochorwa na rula."

Niliangalia kwenye kioo. Ulikuwepo, chini ya meno ya mbele, bluu inayoelekea weusi. Wiki hiyo hiyo tulikwenda hospitali kubwa ya Mwanza.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mdogo, labda hajafika miaka thelathini. Nitamwita Daktari Rehema. Alisimama tulipoingia. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Alizaliwa Katoro, alituambia baadaye, baba yake alikuwa na karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na amekua akiona watu wanavyougua kwa kazi zao. Aliangalia ufizi, akaangalia mkono, kisha akauliza swali ambalo kwa miezi mitano hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Baba unafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Wanafunzi wanaletewa mawe kutoka Geita, Masumbwe na kwingineko, wanajifunza kupima yana dhahabu kiasi gani. Tunayasaga, tunayachanganya na unga wa risasi, tunayeyusha kwenye tanuru. Risasi ninayosema ni ile metali nzito ya kijivu, ile ambayo wavuvi wanaifunga kwenye nyavu ili zizame. Motoni inaikusanya dhahabu yote kwenye donge moja. Donge hilo tunaliweka kwenye kikombe kidogo cheupe kilichotengenezwa kwa majivu ya mifupa, tunalirudisha motoni, na kikombe kinainywa ile risasi kama mkate unavyonywa chai. Juu inabaki punje ya dhahabu, ndogo kama kichwa cha sindano.

"Mnavaa barakoa?"

"Tunavaa. Glovu pia. Tanuru lina bomba la kutolea moshi. Mimi ndiye ninayewafokea wasiovaa."

"Na hivyo vikombe vikishatumika, vinakwenda wapi?"

"Tunavitupa shimoni, nyuma ya maabara."

Mke wangu, aliyekuwa anafuma kitambaa chake, aliweka sindano chini.

"Si vyote," alisema.

Na hapo, ndani ya chumba kile kidogo, nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Sikuweza kumtazama.

Mke wangu anafuga kuku. Oktoba ya mwaka uliotangulia alilalamika kwamba mayai yana ganda laini, yanapasuka hata mkononi. Dukani kuna unga wa mifupa wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Mimi nikawaza, kwani sisi hatuna mifupa? Shimo letu limejaa vikombe vya majivu ya mifupa, vinalowa bure. Nikavijaza kwenye mfuko wa saruji, nikaja navyo nyumbani, nikiwa mwenye furaha kama mtu aliyeleta nyama. Kila Jumamosi nilikaa uani na kinu cha zamani, nikavitwanga bila barakoa wala glovu, maana nilikuwa kwangu. Vumbi jeupe lilipanda, nikalifuta usoni kwa mkono. Shija alikaa pembeni yangu na kijiko chake, akijitwangia kidogo kwenye kopo.

Nataka msomaji aelewe hapa. Nilikuwa najua kwamba kikombe kimekunywa risasi. Nilikuwa nafundisha jambo hilo kila muhula, kwa mdomo huu huu. Lakini nikishakiona kikombe kimepoa, kimekauka, kimetupwa, akilini mwangu kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyenifundisha kwamba taka ina maisha yake baada ya somo, na mimi sikujifundisha.

Daktari Rehema hakunifokea. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Watoto wako wapi?"

"Nyumbani. Kwa jirani."

"Walete. Wote. Na mayai msile tena."

Damu zetu sote watano zilipelekwa Dar es Salaam, maana kipimo hicho hapo hakikuwepo. Tulisubiri siku kumi na moja. Mimi nilikuwa nimelazwa, na mke wangu alikaa kwa binamu yake na watoto, akija asubuhi na uji na jioni na kila alichokipata. Siku hizo sikusali kwa ajili yangu hata mara moja. Nilikuwa nawaza kopo la Shija. Nilikumbuka kwamba tangu mwaka uanze mtoto alikuwa amepoteza hamu ya chakula na amekuwa anakula udongo wa ukutani, na sisi tukamcheka kwamba anataka kuwa mchwa. Nilikumbuka kwamba nilimwona mara moja akiingiza kidole kwenye unga na kukiramba, na nilichomwambia ni, "Aa, hicho cha kuku," tena kwa kutania.

Siku ya majibu mke wangu alimbeba Shija mgongoni ingawa mtoto alishakuwa mkubwa wa kutembea. Daktari alianza na mimi: nyingi sana, mara nyingi zaidi ya kiasi ambacho mwili unaweza kuvumilia. Mke wangu: imepanda, ya kuangaliwa. Mapacha: kidogo. Akageuza karatasi. Nilisikia feni ya dari ikizunguka.

"Shija imepanda, mama. Sitaki kukudanganya. Lakini haijafika kiwango cha kumpa dawa. Tukiiondoa sumu nyumbani, akala vizuri, akapata maziwa na madini ya chuma, itashuka. Tutampima kila baada ya miezi miwili mpaka turidhike."

Mke wangu alilia kwa mara ya kwanza tangu Februari. Shija, mgongoni, akamfuta machozi kwa nyuma, akamkosa, akamtia kidole sikioni.

Niliomba wampigie simu mama yangu, asije akasikia kwa watu. Aliyepiga ni Kulwa, na Kulwa akasema alichokisikia. "Bibi, baba ana risasi kwenye damu." Mama hakusubiri mengine. Alipiga yowe, na kabla ya saa sita Songwa nzima ilijua kwamba Mabula kapigwa risasi na majambazi kwa sababu ya dhahabu. Kesho yake asubuhi aliingia wodini na wajomba zangu wawili, mmoja kashika fimbo, akafunua shuka langu kutafuta tundu.

"Imeingilia wapi, bhabha?"

"Mdomoni, mama. Na puani."

"Mdomoni!" Akakaa chini.

Ilinichukua nusu saa kumweleza, na wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyekuroga."

"Hakuna, mama. Nilijiroga mwenyewe."

Akanipiga kofi dogo begani, akafungua mkoba wake, akaanza kunimenyea matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, akinitia mdomoni kama nina miaka minne. Mjomba mwenye fimbo aliiweka chini ya kitanda na kuisahau huko.

Kilichofuata ndicho kilichokuwa kigumu kuliko sindano zote. Mke wangu alikuwa anauza mayai. Alirudi Shinyanga, akachukua daftari la majina, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Nilimwomba asubiri nitoke tuende wote. Alisema, "Wakila leo jioni, je?" Alikwenda peke yake, nyumba kumi na saba. Mteja wake mkubwa ni Mama Zuwena, aliyehamia kutoka Katoro na kufungua banda la chipsi karibu na stendi. Mama Zuwena alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtolea maneno mbele ya wateja ambayo mke wangu hajanirudia hadi leo. Akafunga banda siku ile ile. Akawapeleka wanawe kupimwa, na majibu yalipokuja baadaye damu zao zilikuwa salama. Siku ya nne alitokea na galoni la maziwa mlangoni kwa jirani, alikofikia mke wangu.

"Nimeuliza hospitali, wamesema maziwa yanasaidia," alimwambia mke wangu bila kumtazama. "Mpe mtoto. Mimi bado nimekasirika."

"Kasirika tu, dada. Karibu ndani."

"Siingii." Akaingia. Alileta maziwa kila Jumanne mpaka mvua zikaanza, na kila Jumanne alisema bado amekasirika.

Nilipotoka hospitali mara ya kwanza hatukuruhusiwa kulala nyumbani kwetu. Uani kulikuwa hakujasafishwa, tukawa tunalala kwa jirani. Nilikwenda kwa mkuu wa idara, mkono ukiwa kwenye kitambaa cha shingoni. Ni mtu mwema, lakini hofu haichagui mwema. Alifunga mlango. "Mabula, jambo hili tulimalize humu humu. Wakisikia, watatufungia maabara."

Nilikuwa na zile hasira bado, damu ilikuwa haijasafishika. Lakini nilichosema nilikisema polepole. "Mkuu, shimo liko wazi. Mbuzi wanalala pale. Watoto wa walinzi wanacheza pale. Mimi nilichukua mfuko mmoja tu. Njoo tunakolala uone mfuko mmoja umefanya nini."

Alikuja. Hakutegemea kumkuta Shija pale kwa jirani. Mtoto alimwamkia, "Shikamoo babu," na kumpa kiti kidogo cha plastiki, na yule mtu mzima mwenye tai akakikalia, magoti yakigusa kidevu. Alikaa pale muda mrefu. Jumamosi iliyofuata alirudi na watu wawili wa chuo na mtaalamu wa mazingira. Hawakufagia, maana ukifagia unapandisha vumbi. Walimwagia maji, wakakwangua udongo wa juu uani kote, wakautia kwenye ndoo zenye vifuniko, wakaandika juu ya kila ndoo ni nini kimo. Kinu na mchi vikaingia humo, na kopo la Shija, na mfuko wa saruji, na banda la kuku ubao kwa ubao.

Kuku wenyewe walikuwa wamebaki kumi na wawili. Wengine walikuwa wameshakufa tangu Machi, wakianza kwa kuchechemea, na sisi tukasema ni mdondo. Hao kumi na wawili nao iliwabidi wachinjwe na wapelekwe na taka, wasiliwe wala wasizikwe bustanini. Mke wangu aliwakamata mwenyewe, mmoja mmoja, wanamfahamu, hawakukimbia. Mtema, jogoo mzee, alimbeba kwapani mpaka kwenye gari. Mkuu wa idara alivua miwani yake na kuifuta, akaifuta tena.

Dawa nilimeza kwa raundi tatu. Raundi ya kwanza Agosti, malori ya pamba yakipita barabarani na kuangusha vipande vyeupe kwenye miiba. Siku kumi na tisa za vidonge, kisha mapumziko, kisha damu tena. Vidonge vyenyewe vilinuka mayai viza. Unafungua chupa na chumba kizima kinajua. Mke wangu alinusa mara ya kwanza, akaniangalia, akasema, "Hao ni kuku wangu, wamekufuata." Tulicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini.

Raundi ya pili ilikuwa Oktoba, jua la kupasua vichwa. Huko kwenye benchi la kliniki nilikutana na Kabula, mchenjuaji wa dhahabu kutoka Masumbwe. Yeye zebaki ndiyo iliyomwingia, miaka ya kuichoma jikoni mwake ili dhahabu ibaki. Mikono yake ilitetemeka, asiweze kushika kikombe cha chai bila kujimwagia. Wangu wa kulia haukunyanyuka. Basi tukatafuta njia: mimi nilishika kikombe chake kwa mkono wa kushoto nikakituliza, akanywa, yeye akanisaidia kwa mikono yake miwili inayotetemeka kunyoosha kiganja changu kwenye meza ili nifanye mazoezi niliyopewa. Watu walitutazama. "Mikono yako na yangu ingeunganishwa," aliniambia, "tungepata mtu mmoja mzima." Nilimjibu kwamba mtu huyo angehitaji benchi la peke yake. Nampigia simu bado. Anaendelea vizuri, ameacha kuchoma, anauza vitenge.

Kati ya raundi ya pili na ya tatu kitu kilitokea ambacho kwa mtu mwenye afya si kitu. Nilikuwa nakunywa chai. Nikameza, nikasubiri ule msumari. Haukuja. Ilikuwa chai tu, na maziwa, na tangawizi. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni, akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Chai yako ni tamu," nilisema.

Alisimama pale na mwiko. "Umeniita kwa hilo?"

"Kwa hilo."

Akaondoka, na nilimsikia jikoni akiwaambia mapacha, "Amerudi baba yenu."

Desemba, mvua zikiwa zimeshika, nilimaliza raundi ya tatu. Vidole vyangu viwili bado ni vizito, na asubuhi za baridi Doto ananifunga vishikizo vya shati. Yeye ndiye aliyejitolea, sikumwomba. Siku moja nikiwa nimeinama mbele yake nilimwambia, "Lile daftari, mwanangu, nilikosea." Akaendelea kufunga kishikizo. "Najua baba. Ilikuwa ile risasi." Sijui nani alimwelekeza kusema hivyo, lakini niliupokea msamaha huo bila kuhoji.

Damu ya Shija imepimwa mara tatu. Kila mara imeshuka. Anakula mpaka tunamficha sufuria. Bado tunamwangalia anavyosema, anavyokumbuka, anavyopanga vitu vyake, kwa sababu daktari alituambia tuangalie, na pia kwa sababu hatuwezi kuacha. Hofu hiyo nadhani nitazeeka nayo.

Wewe uliyekaa kwenye benchi sasa hivi, nina neno moja la kukupa, na si la kitaalamu. Ukiingia kwa daktari, usiseme tu unaumwa wapi. Mwambie unafanya kazi gani, mikono yako inashika nini, na unaporudi nyumbani unarudi na nini, kwenye nguo, kwenye viatu, kwenye mfuko. Asipouliza, sema. Na kama unafanya kazi kwenye maabara kama yangu, ufuate kila mtungi mpaka uone unakoishia. Mimi nimeondolewa kwenye tanuru. Kazi yangu sasa ni hiyo, taka. Asidi ina pipa lake, risasi pipa lake, na viyeyushi vina lake. Kila pipa lina karatasi, na mwanafunzi hafungi somo mpaka anionyeshe ameweka nini wapi. Wananiita Mzee wa Mapipa. Hawajui kwamba naona fahari.

Shimo lilifukuliwa Januari na watu wenye mavazi kamili. Likatoa mapipa thelathini na mawili. Siku lori la kampuni yenye kibali cha kubeba taka hatarishi lilipokuja kuyachukua, mke wangu aliniletea chakula cha mchana, michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na maziwa, akakuta lori limeshawashwa na linataka kutoka getini. Alimshusha Shija, akamkabidhi kwangu, akaenda kusimama katikati ya njia.

Dereva akapiga honi. "Mama, pisha."

"Nitapisha. Mnayapeleka wapi?"

"Mbali, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Mbali wapi? Hata mimi kwangu ni mbali na hapa, na yalifika."

Wanafunzi wakaanza kusogea. Mkuu wa idara akataka kwenda kumwondoa, nikamshika mkono. Dereva akazima injini, akashuka na faili lake, akalifungua juu ya boneti. Mke wangu alimtaka asome kwa sauti. Akasoma: pipa la kwanza nini, la pili nini, yanashushwa wapi, anayapokea nani, yanayeyushwa vipi ile risasi itoke, na mabaki yanafungiwa wapi. Alisoma yote thelathini na mawili juani, na mke wangu alikuwa akihesabu kwa vidole vyake. Alipomaliza, dereva akafunga faili na kumwuliza, kwa adabu kabisa, kama sasa anaweza kwenda.

"Bado," alisema mke wangu. "Una watoto?"

"Ninao, mama. Wawili."

"Nimekuona ukipakia. Glovu zako ziko wapi?"

Yule kijana alitazama mikono yake. Akarudi kwenye lori, akainama chini ya kiti, akazitoa, akavaa, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye viwiko. Ndipo Milembe akapisha.